Kubuni swichi ya umeme inayodumu kwenye kichwa cha treni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi umeme, wanafunzi wa ufundi na yeyote wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa anayetaka kubuni, kuchagua au kufufua swichi za kichwa cha treni. Reli yetu ya huku ni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, yenye upana wa milimita 1,067, na vichwa vyake ni vya dizeli. SGR na nyaya zake za volti 25,000 ni somo jingine, ingawa mengi yaliyomo humu yanafaa huko pia.

Kichwa cha dizeli kinaendeshwa na injini. Swichi za umeme zinaingiaje?

Vichwa vingi vya dizeli vya siku hizi huvuta kwa umeme. Injini huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota zilizofungwa kwenye ekseli, na mota ndizo zinazovuta mabehewa. U30C za TAZARA, ambazo ubunifu wake ni wa General Electric, ni za aina hiyo. Hata DFH2 za Kichina zilizoanza na reli yenyewe, ambazo hupeleka nguvu kwa msukumo wa mafuta na hazina mota za kuvutia, zilihitaji saketi za umeme za kuongozea.

Umeme mkubwa wa mota, mamia ya volti na mamia ya ampea, haufiki mkononi mwa dereva. Huungwa na kukatwa na kontakta, yaani swichi kubwa zinazovutwa na koili ya sumaku, zilizo ndani ya kabati. Dereva anashika saketi ndogo ya upande wa betri: kwenye vichwa vya ubunifu wa Kimarekani ni takriban volti 74 injini ikiwaka, na kwenye vingi vya Kichina na vya Ulaya ni volti 110. Humo ndimo zilimo swichi tunazozungumzia: mkono wa mwendo, mkono wa mbele na nyuma, swichi ya pampu ya mafuta, ya taa kubwa, ya kutenga mota mbovu, kanyagio la kuhakikisha dereva yuko macho, na kitufe cha kuzima injini kwa dharura.

Ni vitu vidogo, lakini reli ni ya njia moja. Swichi moja ikigoma kati ya Mlimba na Makambako, kichwa kinasimama katikati ya madaraja na mahandaki, na kila treni iliyo nyuma inasimama pia.

Kwa nini nisifunge swichi nzuri ya nyumbani? Imeandikwa ampea 16 na volti 250, na kichwa kina volti 110 tu.

Hili ndilo swali linalokuja kuliko yote, na jibu lake ndilo msingi wa mengine.

Maandishi hayo ni ya umeme wa AC. Umeme wa TANESCO nyumbani hubadilisha mwelekeo, na katika sekunde moja hupita kwenye sifuri mara 100. Unapozima taa, cheche inayozuka kati ya kontakti mbili (vipande vya metali vinavyogusana ndani ya swichi) hujizimia yenyewe mkondo unapofika sifuri. Swichi haina kazi kubwa ya kufanya.

Umeme wa betri ni DC. Haufiki sifuri kamwe. Kontakti zikiachana taratibu, hewa iliyo katikati inapata joto, inageuka kuwa njia ya umeme, na cheche inakuwa tao linaloendelea kuwaka. Tao hilo linayeyusha fedha ya kontakti, linachoma plastiki, na likipata nafasi ndogo isiyotosha linaweza kubaki linawaka hadi swichi yote iishe. Ndiyo maana swichi ndogo ya kubofya iliyoandikwa ampea 15 kwa volti 250 za AC mara nyingi hupewa takriban nusu ampea tu kwa volti 125 za DC. Soma karatasi ya mtengenezaji. Kama safu ya DC haipo, chukulia kwamba swichi haikubuniwa kwa ajili yako.

Kisha angalia mzigo. Kukata taa ya nyuzi ni jambo moja, kukata koili ya kontakta ni jambo jingine. Koili huhifadhi nguvu kwenye sumaku yake, na ukikata mkondo nguvu ile inatafuta pa kutokea. Inatokea kwenye swichi yako. Viwango vya kimataifa vya IEC 60947-5-1 vimeutenga mzigo huu kwa alama ya DC-13, huku DC-12 ikiwa ya mizigo isiyo na koili. Kwenye kichwa cha treni karibu kila swichi ya kuongozea inakata koili ya namna fulani. Tafuta namba iliyo mbele ya DC-13, na uisahau ile kubwa iliyochapwa ubavuni.

Basi tao linazimwaje?

Kwa kasi, kwa urefu, na kwa sumaku.

Kasi kwanza. Kontakti zisifuate mkono wa mtu. Dereva aliyechoka husukuma mkono polepole, na kama kontakti zinaachana polepole vilevile, tao linapata muda wa kukomaa. Mwaka 1884 John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza ya swichi ambayo springi hujikunja hadi kufika kikomo kisha hurusha kontakti kwa mkupuo mmoja, mkono uwe mwepesi au mzito. Zaidi ya karne imepita na wazo hilo bado ndilo moyo wa swichi nzuri. Ukiwa na swichi mkononi na hujui kama inafaa, isogeze polepole kabisa kwa kidole. Ikiwa kontakti zinaweza kusimama nusu njia, iache.

Urefu ni nafasi kati ya kontakti zikiwa zimeachana. Njia rahisi ya kuiongeza bila kufanya swichi iwe kubwa ni kukata sehemu mbili kwa pamoja: daraja dogo la shaba lenye kontakti kila upande linainuliwa, na tao linagawanyika kuwa mawili mafupi. Kila tao linahitaji volti zake za kuishi, hivyo mawili yanamaliza volti za betri mapema zaidi. Pale ambapo ipo swichi yenye njia mbili zilizotengana, kila moja na pini zake, mafundi hufanya hivi hivi kwa kuunga njia zote mbili kwa mfululizo, na mimi naikubali njia hiyo.

Sumaku inakuja pale ampea zinapopanda. Sumaku ya kudumu iliyowekwa kando ya kontakti hulisukuma tao pembeni, likarefuka na kukatika. Hapo kuna sharti: tao husukumwa kuelekea upande kulingana na mwelekeo wa mkondo. Ukigeuza chanya na hasi, sumaku ile ile inalivuta tao kuelekea ndani, kwenye springi na plastiki. Kwa hiyo swichi ya namna hii lazima iwe na alama ya chanya na hasi iliyochongwa kwenye mwili wake. Karatasi ya kubandika itatoka ikishalowa dizeli.

Fungua swichi ya DC iliyofanya kazi miaka mingi na utaona alama za tao waziwazi. Kontakti moja ina shimo dogo kama lililochimbwa kwa msumari, na mwenzake ana kichuguu kinachoingia humo humo. Metali imehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa sababu mkondo haukugeuka hata siku moja. Kichuguu kikikua vya kutosha, kontakti zinanasana na springi inashindwa kuziachanisha. Katika kubuni, unene wa fedha huongezwa kwa ajili ya uhamaji huo, na springi huwekwa nguvu ya kutosha kuvunja mnaso mdogo.

Daiodi kwenye koili haitoshi? Tunaweka daiodi, cheche zinaisha.

Inasaidia sana, na koili isiyo na kinga yoyote ni adui wa kila swichi. Koili ya volti 110 inayokula wati 20 inapitisha chini ya ampea 0.2, lakini ikikatwa ghafla inaweza kurusha volti mia kadhaa, hata zaidi ya elfu. Daiodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, iliyofungwa kinyume sambamba na koili huupa mkondo ule njia ya kuzunguka hadi ufe.

Tatizo ni kwamba unakufa taratibu. Kontakta inachelewa kuachia, na kuchelewa huko kuna madhara mawili: kontakti zake kubwa zinaachana kwa uvivu, na saketi ya usalama inajibu baada ya muda mrefu kuliko ulivyokokotoa. Kwenye breki au kuzima kwa dharura siwezi kukubali daiodi tupu. Weka daiodi ikifuatana na zena (daiodi inayopitisha mkondo kinyume volti zikifika kiwango fulani), au varista (kipingamizi kinachopitisha mkondo volti zikipanda mno), ili volti ziruhusiwe kupanda hadi kiwango unachokijua, mkondo ufe haraka, na swichi ibaki salama. Kinga hiyo iwekwe kwenye koili yenyewe, isiwe kwenye swichi mita 10 mbali, ili waya wote wa katikati usigeuke kuwa antena ya kelele za umeme.

Kontakti ziwe za metali gani? Fedha tupu, dhahabu, au shaba?

Shaba tupu hapana. Huota kutu ya juu inayozuia umeme. Kwa mizigo ya kawaida ya kuongozea tumia fedha iliyochanganywa na nikeli, na kwa mizigo inayoanza kwa kishindo tumia fedha yenye oksaidi ya bati, kwa sababu hainasani kirahisi. Taa kubwa ya nyuzi ikiwa baridi huvuta mara 10 au zaidi ya mkondo wake wa kawaida kwa kitambo kidogo, na taa za LED nazo zina kapasita zinazomeza mkondo mkubwa wakati wa kuwasha. Kwenye taa, mara nyingi swichi hufa kwa kuwasha kuliko kwa kuzima.

Dhahabu ina mahali pake, na mahali hapo panaongezeka. Vichwa vipya vina kompyuta, na swichi ya dereva kazi yake ni kupeleka ishara ya miliampea chache tu. Fedha hupata weusi kwa salfa iliyo hewani, na moshi wa dizeli una salfa. Ampea 2 zitautoboa weusi huo bila wewe kujua upo. Miliampea 5 hazitaweza, na kompyuta itaona swichi imefunguka ilhali dereva ameifunga. Hapo tumia kontakti zilizopakwa dhahabu, au buni kontakti zinazosuguana kidogo kila zinapofunga ili zijisafishe.

Usitumie kontakti ile ile kwa kazi zote mbili. Dhahabu ni utando mwembamba, na tao moja zito linaichoma. Hili huwapata watu wanaonunua swichi za aina moja ya bei ghali wakazifunga kila mahali: ile inayokata koili inabaki fedha ya kawaida baada ya siku chache. Na kinyume chake, kufunga swichi kubwa mno ili "iwe salama zaidi" kwenye ishara ndogo ni kuleta hitilafu ambazo hutazipata kwa multimita, kwani ukiifungua na kuifunga mara mbili karakanani inafanya kazi vizuri.

Nyanda za Juu Kusini zina nini cha pekee? Si swichi zile zile zinazotumika India na China?

Kuna mambo matatu, na la kwanza watu hawaliwazi kabisa.

Treni inayopanda kutoka bonde la Kilombero inaondoka kwenye joto na unyevu, inapita mahandaki, na inafika Makambako zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kama ni Juni au Julai usiku, baridi ya huko haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Njombe au Mufindi. Swichi iliyofungwa kwa raba pande zote ilibeba hewa ya bondeni. Hewa ile inapopoa, inasinyaa, na inavuta nyingine kupitia upenyo wowote uliopo. Mvuke uliomo ndani unageuka matone juu ya metali iliyo baridi. Kesho inashuka, inapata joto, inatoa hewa nje. Keshokutwa inavuta tena. Swichi inapumua, na kila pumzi inaacha maji kidogo ndani.

Watu hujibu kwa kutafuta kinga ya juu zaidi dhidi ya vumbi na maji, IP67 badala ya IP54. Kama kifuniko kimefungwa barabara na kinabaki hivyo kwa miaka 20, vema. Lakini raba huzeeka, na chombo kilichofungwa nusu ni kibaya kuliko kilicho wazi, kwa kuwa maji yanaingia na hayatoki. Kwa swichi za ndani ya kabini naona ni bora kuacha tundu dogo la kutolea maji upande wa chini, kontakti zikiwa zimeinama ili tone lisisimame juu yake. Kwa swichi za nje, kwenye fremu au pembeni mwa injini, weka kizibo chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, aina ile inayowekwa kwenye taa za magari. Na ukubwa wa chumba cha ndani uwe mdogo: hewa kidogo, maji kidogo.

La pili ni mwinuko wenyewe. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700, na sehemu ya juu kabisa ya reli, upande wa Uyole, inakaribia mita 1,790. Viwango vya vifaa vya umeme vya treni huchukulia mwinuko usiozidi mita 1,400 kuwa hali ya kawaida. Kwa kimo cha Mbeya msukumo wa hewa ni takriban asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Nafasi za kuzuia umeme kuruka si hofu kubwa, kwani kwa vifaa vya kawaida hukokotolewa kwa kimo cha hadi mita 2,000. Lakini hewa nyepesi hupoza vibaya, na tao hurefuka kwa urahisi zaidi kabla ya kufa. Swichi iliyopimwa pwani ikafaulu kwa shida, huku juu haina akiba. Punguza mkondo unaoiruhusu, au ongeza nafasi ya kontakti, na kama unaweza, pima hapa hapa Mbeya.

La tatu ni vumbi la Usangu wakati wa kiangazi. Ni laini, linaingia popote, na likichanganyika na mvuke wa mafuta ya injini linakuwa tope linaloganda kwenye mihimili ya mikono na kufanya springi ishindwe kurudi. Kinga ya vumbi iwekwe pale mhimili unapoingia kwenye kasha. Ukuta wa kasha hauna shida.

Mtikisiko unashughulikiwa vipi?

Kiwango cha IEC 61373 kinagawa kichwa cha treni katika makundi matatu: vitu vilivyo kwenye mwili, vilivyo kwenye bogi (fremu inayobeba magurudumu), na vilivyo kwenye ekseli. Tofauti yao ni kubwa. Mshtuko wa kupimia kifaa cha mwilini ni mita 50 kwa sekunde ya mraba kwa mwelekeo wa safari, muda wa milisekunde 30. Cha bogi ni 300. Cha ekseli ni 1,000. Zaidi ya mshtuko, kifaa kinatikiswa saa 5 kwa kila mwelekeo kati ya mitatu. Jiulize kwanza swichi yako inakaa wapi, usije ukaijenga nzito bure au nyepesi kwa hatari.

Kwenye kabini adui ni mtikisiko wa injini unaoendelea saa zote. Injini inayozunguka mara 1,000 kwa dakika inatoa mtikisiko wa karibu 17 kwa sekunde pamoja na vizidisho vyake, na inapopanda na kushuka ngazi za mwendo inapita katika masafa mengi. Kama kitu chochote ndani ya swichi, hasa bamba refu la kontakti, kinapenda kucheza kwa masafa hayo, kitacheza mpaka kikatike. Fanya bamba liwe fupi na gumu ili masafa yake ya asili yawe juu mbali. Kitufe cha kushikia nacho kiwe chepesi; kichwa kikubwa cha chuma kwenye mhimili mwembamba kitaizungusha swichi chenyewe.

Ila niseme ukweli wa karakana: swichi nyingi zinazotolewa kwa jina la "imekufa" hazijafa. Waya ndio uliolegea. Skrubu inayobana nyuzi za waya moja kwa moja hulegea kwa sababu shaba laini husinyaa chini ya mbano na mtikisiko unamalizia. Tumia terminali za springi, au waya uliobanwa ferule (kifuko kidogo cha metali cha kukusanya nyuzi) kwa koleo lake sahihi. Acha mkunjo kidogo wa waya kabla ya terminali na ufunge waya huo kwenye fremu, ili uzito wake usining'inie kwenye swichi. Solda usitumie kwenye waya unaotikisika. Pale solda inapoishia ndani ya nyuzi ndipo waya hukatikia.

Umbo na mkono wa dereva lina uzito gani kwa fundi umeme?

Uzito mkubwa. Dereva huendesha usiku, wakati mwingine akiwa na glavu, macho yakiwa kwenye reli. Swichi ya taa na swichi ya kukata uwanja wa sumaku wa jenereta zisifanane mguso. Ya kuzima kwa dharura iwe na ukingo wa kuizuia isiguswe kwa bahati mbaya, lakini ifikike bila kufungua kitu.

Kuna pia kufungana kwa mikono. Mkono wa mbele na nyuma haupaswi kusogea wakati mkono wa mwendo uko wazi, na hilo lizuiwe kwa chuma, kwa meno na pini, lisiachwe kwa umeme peke yake. Kwa swichi za usalama chagua zile ambazo kontakti zinasukumwa kufunguka na mhimili mgumu wenyewe. Springi ikivunjika au kontakti zikinasana, nguvu ya mkono bado inazitenganisha. Zina alama ya mshale ndani ya duara. Kwenye kitufe cha dharura sikubali nyingine.

Plastiki na raba zipi zinavumilia dizeli?

Kwa kasha, nailoni yenye nyuzi za kioo hufanya vizuri, mradi ukumbuke kwamba nailoni hunywa unyevu na kuvimba kidogo, hivyo usiiachie mihimili nafasi finyu mno. Polikaboneti inayoonekana kama kioo huvutia macho, lakini ikiwa imebanwa na ikapata mafuta hupasuka nyufa ndogondogo. Raba za EPDM huvimba kwenye mafuta. Tumia za naitraili.

Na tafadhali, gundi ya silikoni ya bomba isikaribie kontakti. Inapokauka hutoa mvuke, mvuke huo ukikutana na tao unaacha utando wa silika, ambao ni ndugu wa kioo na haupitishi umeme. Fundi mwenye nia njema anaziba kasha la swichi lisiingie maji, na kwa wema huo huo anaiua. Ukiona kontakti zina vumbi jeupe gumu lisilofutika kwa kitambaa, uliza nani aliziba nini.

Swichi inapaswa kuvumilia mibonyezo mingapi?

Hesabu kwa kila swichi peke yake. Tuseme mkono wa mwendo unasogezwa mara 20 kwa saa, saa 12 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni mara 72,000 kwa mwaka, na 1,440,000 kwa miaka 20. Swichi kuu ya betri inayofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni inafika mara 12,000 tu kwa miaka hiyo hiyo. Ya kwanza inahitaji kamu (gurudumu lenye nundu linalosukuma kontakti) ngumu, beringi nzuri na springi isiyochoka. Ya pili inahitaji eneo kubwa la kugusana na mbano mzito, lakini haihitaji kuwa hodari wa kurudiarudia.

Ubunifu wenyewe unaweza kupunguza kazi. Kwenye vichwa vingi vya Kimarekani ngazi 8 za mwendo hupatikana kwa nyaya 4 tu zinazowashwa kwa mpangilio tofauti, hivyo kamu za mkono wa mwendo zinakata koili ndogo chache. Kila kontakti unayoiondoa kwa mpangilio mzuri ni kontakti isiyoharibika.

Ukisoma karatasi, tofautisha maisha ya kimakanika na ya kiumeme. Mtengenezaji huandika milioni 10 kwa herufi kubwa. Hizo ni za swichi isiyo na umeme. Za umeme, kwa mzigo wako na volti zako, zinaweza kuwa sehemu ndogo sana ya hizo.

Kontakti zilizochakaa nizisugue kwa msasa?

Hapana. Msasa huacha chembe ngumu ndani ya fedha na hutoa utando wa dhahabu kama upo. Kwa kontakta kubwa kuna faili maalumu laini. Kwa swichi ndogo, badilisha kipande cha kontakti. Ndiyo sababu swichi nzuri hujengwa kwa vipande vinavyotoka bila kufungua nyaya za majirani zake.

Kwa nini tusiache kontakti kabisa, tutumie transista?

Baadhi ya kazi zinafaa, hasa kuwasha taa. Lakini transista ikifa mara nyingi hubaki imeunga, hupitisha mkondo kidogo hata ikiwa imezimwa, na haiachi pengo la hewa ambalo fundi anaweza kuliona kabla ya kuingiza mkono. Kwenye kukata kwa usalama pengo la hewa bado lina heshima yake.

Nawezaje kupima swichi niliyobuni, hapa hapa Mbeya, bila maabara kubwa?

Kasha, kamu na mihimili vinaweza kutengenezwa kwenye mashine za karakana za mjini, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) pale Iyunga wana vifaa vya kupimia. Vipande vya kontakti vya fedha na springi ni afadhali kununua.

Benchi la kupimia si gumu. Betri 9 za volti 12 kwa mfululizo zinatoa volti 108, karibu sawa na kichwa cha volti 110. Volti hizo za DC zinaua, na betri hazina huruma kwenye mkondo: weka fyuzi ya DC karibu kabisa na betri, funika vichwa vyote vya betri, na asifanye mtu kazi hiyo peke yake. Kwa mzigo tumia koili ya kontakta halisi ya treni, usitumie balbu. Kiwango cha EN 50155 kinataka vifaa vya kichwani vifanye kazi kati ya asilimia 70 na 125 ya volti za kawaida, yaani 77 hadi 137.5 kwa mfumo wa 110. Hakikisha koili inavuta kwa 77, na swichi inakata tao kwa 137; kwa hiyo ya juu utaongeza betri mbili na kuziacha zijae, kisha ushushe taratibu kwa ukinzani.

Sukuma swichi kwa mota ndogo yenye kamu na kihesabio. Kila baada ya mizunguko elfu kadhaa simamisha, pitisha mkondo wa kawaida, na upime milivolti kati ya terminali mbili. Kwa ampea 10, milivolti 50 ni joto la nusu wati, na swichi haitambui. Zikifika 500 ni wati 5 ndani ya kasha dogo la plastiki, na terminali zitaanza kubadilika rangi. Chora namba hizo kwenye karatasi. Mstari unaopanda polepole ni uchakavu wa kawaida; unaoruka juu na kushuka ni springi dhaifu, utando, au waya uliolegea, na hapo fungua uangalie kabla ya kuendelea.

Pima swichi kadhaa za aina moja, usipime moja tu, na angalau mbili kati yake zipitie baridi na unyevu kwanza: ziache kwenye kasha lenye mvuke wa maji ya moto, kisha ziingize kwenye jokofu, rudia mara nyingi, ndipo uzipeleke kwenye benchi. Baada ya hapo peleka namba zako, michoro na swichi zilizofunguliwa kwa wahandisi wa mwenye kichwa. Kabla hawajakubali kwa maandishi, swichi yako isifungwe kwenye kichwa kinachovuta treni.